Wanunuzi wa Moshi Usiotoka

Hapo kale, kale isiyo mbali sana, juu ya mji wa Maua, pale ambapo milima ya Nyambene hupandisha mawe yake ya volkano hadi ndani ya ukungu, na ukungu nao haukubali kuondoka mpaka jua liwe limekwisha kuzichoma nyanda za Mbuga ya Meru huko chini, palikuwa na kijiji cha wanyama waliojua kupika. Moto waliupata kwa binadamu, na pamoja na moto walipata kwao mambo mengine mengi, kwa maana mnyama aishiye ukingoni mwa shamba la mtu hujifunza kwa macho zaidi ya ajifunzavyo mwanafunzi kwa masikio. Waliwaona wakulima wa Igembe wakikiacha kiazi kikuu kitambae juu ya mti ulio hai badala ya kukikatia mti wa kukishikilia. Wakawaona akina mama wakichanganya maharagwe na majivu ili fukusi wasiyatoboe. Wakawaona wafungaji wa miraa wakizungushia mafungu yao jani la mgomba, jani ambalo huyatunza mabichi njia nzima hadi mjini, na kazi yake ikiisha hutupwa chini likawa udongo. Haya yote wanyama waliyachukua wakayafanya desturi, na desturi ikakaa vizazi bila yeyote kuipa jina.

Katika kijiji kile aliishi Nyanya Pimbi, mjane mwenye wajukuu watatu na ua mmoja mdogo chini ya jabali, nami naomba ruhusa ya kukawia uani mwake, kwa sababu yaliyofanyika pale ni madogo mno kuonwa na mpita njia, na ndiyo yaliyoibeba nyumba ile. Nyanya Pimbi hakupata kukata mti uliosimama. Kuni zake zilikuwa vitawi vilivyoangushwa na upepo na matawi yaliyopogolewa, na kabla hazijaonja moto alizipandisha uchagani, juu ya mafiga, zikakaa huko majuma mengi zikikaushwa na joto la mapishi ya kila siku. Maana alijua kwamba ukuni mbichi hutumia nguvu zake kwanza kuyachemsha maji yaliyomo ndani yake wenyewe, na chungu hupewa masalio. Mahindi na maharagwe ya githeri aliyaloweka tangu jioni. Chungu hakikukosa kifuniko. Na githeri ilipokwisha kuchemka sawasawa, aliiepua ingali ngumu kidogo, akakitia chungu ndani ya kikapu kipana kilichotandikwa majani makavu ya mgomba na vipande vya blanketi kuukuu, akakifunika gubigubi, akaenda zake shambani. Akirudi adhuhuri huikuta imeiva, bila ya kuongezewa hata kijinga kimoja. Usiku hakuuzima moto, aliyafukia makaa majivuni, na asubuhi alipuliza mara mbili tatu ukarudi. Majivu yaliyozidi yalikwenda ghalani, mengine yakasugua vyombo, mengine yakarudi kondeni. Maji ya kuoshea vyombo yalinyweshwa mgomba, na maganda yakafukiwa shinani mwa mgomba huo huo. Mvua iliyoanguka paani iliteremshwa kwa mfereji wa gome la mgomba hadi mtungini, na kibuyu kilichopasuka kilishonwa kwa uzi wa katani kikaendelea na kazi.

Sisemi kwamba nyumba ile haikuwa na ila. Mafiga matatu yalikuwa yamemwachia macho mekundu na kifua kizito, na wajukuu walikohoa miezi ya masika na ya vuli. Moshi wa jikoni ni adui wa kweli. Kwa binadamu peke yao, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliwaua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka wa 2020. Nyanya Pimbi hakuwa na habari ya hesabu hiyo, ila aliujua moshi kwa kifua chake mwenyewe, na haja ya moyo wake ilikuwa kupata jiko lililo bora kuliko lile.

Ng'ambo ya kijito aliishi Mheshimiwa Nyani. Huyu alikuwa ameng'oa viazi vikuu vyote alivyoachiwa na babaye, akapanda jani la kutafunwa peke yake, shamba zima tangu mpaka hata mpaka, na chakula akawa akinunua. Majirani zake binadamu walikuwa wamekwisha kuonjeshwa hatari ya njia hiyo, kwa kuwa tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na nyumba zilizokuwa zimeegemea soko lile zikapungukiwa hata karo ya watoto. Mheshimiwa Nyani aliyaona hayo akayasahau. Mioto minne iliwaka uani mwake mchana na usiku: mmoja wa kupikia, mmoja wa kuchemshia maji yasiyokuwa na wa kuyaoga, mmoja wa kuota, na mmoja wa wageni ambao hawajafika. Kila mwezi alishusha miti msituni, na kila mwezi njia ya kwendea msituni ilizidi kuwa ndefu.

Basi mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokuwa zimeshika, akaja Korongo. Korongo mweupe, kama ijulikanavyo, huikimbia baridi ya Ulaya kila mwaka akaja kushinda huku hadi Machi, akila panzi na kutazama nchi. Lakini mwaka ule alikuja na ujumbe. Wanyama wakaitwa chini ya mgumo mkubwa, wakaketi kwa utaratibu walioiga kwa wazee wa Njuri Ncheke, ambao baraza lao liko Nchiru, kila mmoja mahali pa umri wake, na Kunguru wa kizibao cheupe akasimama kuwa mkalimani.

"Kwetu," akasema Korongo, "kuna mabomba marefu yanayofukiza tangu enzi za mababu zangu, na mabwana wa mabomba hayo wameingiwa na hofu kwamba anga inajaa. Kuyazima hawapendi, kwa sababu ndiyo yanayowapa mkate. Kwa hiyo wamenituma ninunue moshi usiotoka. Mwenye nyumba wa huku aliyekuwa akichoma mizigo kumi, akichoma sita, ule moshi wa mizigo minne ambao haukutoka wao huununua kwa chumvi, na wakiisha kuununua huruhusiwa kufukiza kwao kiasi kile kile kwa roho safi."

Kobe, ambaye alikuwa mkubwa wa baraza, akainua shingo yake polepole akauliza, "Moshi usiokuwapo unapimwa vipi?"

"Hupimwa kwa ule uliokuwapo mwaka jana," akajibu Korongo.

Wazee wakatazamana. Swali la pili lilikuwa limekwisha kufika kwenye ndimi za wengi, lakini Kunguru alikuwa amefungua gunia, na chumvi ilikuwa ikizungushwa katika jani ili kila mmoja aionje. Chumvi ni kitu kikubwa mlimani. Baraza likavunjika kwa furaha, na kesho yake Kunguru akaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari lenye kurasa mbili kwa kila mji: ukurasa wa moshi na ukurasa wa taka, kwa kuwa taka zikipungua nazo zilinunuliwa vivyo hivyo, na juu ya kila ukurasa maneno haya, Kipimo cha Mwanzo.

Alipofika chini ya jabali alibisha hodi, naye Nyanya Pimbi akamkaribisha, akamsogezea kigoda.

"Nyanya, nimekuja kuuandika moshi wako. Mwaka jana ulichoma mizigo mingapi kwa mwezi?"

"Mmoja, mwanangu. Mwezi wa Julai, kwa ile baridi, mmoja na nusu."

Kunguru akautazama uchaga, akakitazama kikapu kilichofunikwa gubigubi, akaikuna shingo yake. "Na mwaka huu unaahidi kupunguza mingapi?"

"Nikipunguza hapo wajukuu watatafuna mahindi makavu."

"Kwa hiyo huna cha kupunguza."

"Sina."

"Tuje kwenye taka. Jalala lako liko wapi?"

"Sijapata kuwa na jalala. Maganda yako pale shinani mwa mgomba, na majivu yako ghalani pamoja na maharagwe."

Kunguru akashusha pumzi kwa huruma ya kweli, kwa kuwa hakuwa mbaya wa moyo, akaandika sufuri katika ukurasa wa kwanza na sufuri katika ukurasa wa pili. Ndipo Nyanya Pimbi alipouona mzigo aliokuja nao mpagazi wake, na ndani ya mzigo yalikuwamo majiko ya udongo, mapya, mekundu, yenye mlango mdogo wa kuingizia kuni.

"Yale majiko," akasema, "ninaona yanaubana moto vizuri. Kifua changu kingefurahi. Niuzie moja, nitakulipa kwa debe la maharagwe."

"Hayauzwi, Nyanya. Hupewa bure mwenye moshi wa kutosha kupunguzwa. Likikaa kwako halitaleta hata chembe ya chumvi."

Uchungu wa hekaya hii umo katika jibu hilo, nami sitalipita mbio. Jiko lenyewe halikuwa na hatia. Ukuta wake wa udongo ulilizuia joto lisitawanyike pembeni, mlango wake uliupokea upepo kwa kiasi, na ukuni mmoja ndani yake uliweza kufanya kazi ya kuni mbili za mafigani. Majiko ya namna hiyo, ya kuni na ya makaa, mafundi wa Kenya wamekuwa wakiyatengeneza na kuyaboresha tangu miaka ya 1980, na mapafu ya akina mama wengi yamepata nafuu kwa hayo. Chombo kilikuwa chema, na aliyekihitaji alikuwa amesimama mbele yake akiwa na debe la maharagwe mkononi. Akanyimwa kwa kosa la kutokuwa na ubadhirifu wa kuuacha.

Kwa Mheshimiwa Nyani mambo yalikwenda vingine. Kunguru alihesabu magogo mpaka vidole vikamwishia, akaanza tena. Nyani alisimama kando ya kila moto akieleza kwa fahari ni mti gani uliomo na ulikuwa na umri gani, na kila alipotaja mti mkongwe, uso wa Korongo ulizidi kung'aa, kwa sababu palipo na moshi mwingi ndipo pana moshi mwingi wa kutotoka. Akapewa majiko manne, moja kwa kila moto. Akayapanga langoni, yakiwa hayajaingia ukuni, ili kila apitaye ayaone. Na mioto minne ikaendelea kuwaka nyuma ya nyumba, kwa kuwa daftari liliuliza majiko mangapi yamepokelewa, halikuuliza mangapi yamepikia. Jioni ile ile akabebewa viroba viwili vya chumvi, malipo ya mbele.

Habari ya viroba viwili haikulala. Kabla ya mwezi kuandama ilikwisha kufika kila tundu na kila kichuguu, na pamoja nayo habari nyingine, kwamba Kunguru atapita mara ya pili mwezi wa Januari kuwaandika walioachwa. Ngiri, baba wa watoto sita, ambaye siku zote alipika mara moja kwa siku na kuni zake zilikuwa za kuokota, alikaa usiku kucha akipiga hesabu. Alfajiri akamwamsha mkewe akamwambia, "Mama watoto, sisi ni maskini kwa sababu hatujachoma. Tuchome sasa, ili Januari tuwe na cha kupunguza."

Wakaanza kuchoma. Siku za kwanza walichoma kuni, na mkewe akapika chakula ambacho hakikuwa na mlaji ili moto usiwake bure. Kuni zilipokwisha wakachoma uzio. Ua ulipobaki wazi wakaikata miti iliyobeba viazi vikuu, na viazi vile, ambavyo vilihitaji miezi mingine kadhaa kukomaa, vikalala chini vikaoza. Kanga na jamaa yake wakaona moshi kwa Ngiri wakadhani wamechelewa. Wakachoma vitanda vyao vya fito. Fungo akachoma mlango wa ghala. Bondeni moshi ulitanda hata ukungu wenyewe ukashindwa kupanda, na watoto waliokuwa wakikohoa usiku sasa walikohoa mchana. Mama mmoja wa nyumba ya Swara alimpeleka mwanawe nje akae mvuani, kwa kuwa mvua ilikuwa nafuu kuliko ndani. Na alipoulizwa kwa nini hauzimi moto, alijibu kwamba hawezi kuuzima kabla haujaandikwa.

Ukurasa wa taka nao haukusahauliwa. Tarehe 28 Agosti 2017 binadamu wa Kenya walikuwa wameipiga marufuku mifuko ya plastiki, na atakayeitengeneza, kuiuza au kuitumia akatishwa kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, ikawa mojawapo ya sheria kali kabisa za aina hiyo duniani. Ila mifuko iliyotupwa kabla ya siku hiyo ilikuwa ingali imelala mitaroni na makorongoni, kwa maana plastiki haijui kuoza. Basi wanyama wakateremka usiku na vibuyu vyao. Vibuyu wakavitupa njiani, mifuko wakaijaza mikononi, wakaipandisha mlimani wakaimwaga mbele ya nyumba zao, kila mmoja akitaka lundo lake limzidi la jirani, ili Januari aonekane kuwa na taka, na Februari aonekane ameziondoa. Milango iliyokuwa ikifagiliwa kila alfajiri tangu enzi za mababu ikapata majalala.

Mjukuu mkubwa wa Nyanya Pimbi, binti mwenye akili kali na subira haba, aliporudi kisimani siku moja hakuweza kujizuia. "Nyanya, kijiji kizima kinachoma. Sisi tunazo kuni kavu nyingi uchagani kuliko nyumba yoyote. Tukizitia moto wiki moja tu, tutaandikwa, utapata jiko lako na chumvi juu yake. Kwa nini tukae tukitazama?"

Nyanya Pimbi alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Hiyo chumvi watakayotupa, mjukuu wangu, tutaitia katika chungu gani?"

"Katika chungu chetu."

"Na chungu tutakiweka juu ya moto gani?"

Binti alinyamaza, lakini hakuridhika, nami simlaumu. Kuwa mwenye haki huku jirani akilipwa kwa kukosea ni kazi nzito kwa kijana, na si kila nyumba ina mzee wa kukaa naye jioni hiyo. Nyanya aliligundua hilo, kwa kuwa baada ya kitambo aliyaweka maharagwe chini akamvuta karibu, akaanza kumwonyesha jinsi ya kushona kibuyu, kimojawapo cha vile vilivyotupwa njiani, ambacho wajukuu wadogo walikuwa wamekiokota. Usiku ule walishona vitatu.

Januari Kunguru akapita mara ya pili, akawaandika waliochoma, nao wakapata chumvi yao. Mwisho wa Februari ikafika sherehe ya kumtuza Mwenye Nyumba Mwangalifu kuliko wote. Walikuja wageni wa mbali, korongo kwa korongo, na yalihitajiwa mengi magogo makubwa yanayolala siku mbili yakiwaka, ili wageni wasipatwe na baridi ya mlimani. Tuzo alipewa Mheshimiwa Nyani. Kwa mujibu wa daftari hapakuwa na aliyeokoa kuliko yeye, kwa kuwa hapakuwa na aliyeharibu kuliko yeye. Nyanya Pimbi aliitwa pia, aje na kikapu chake cha kuivishia, akae karibu na mlango wageni wakitazame; wakakigeuza wakakistaajabia, wakakipima kwa kamba, mmoja akakichora katika karatasi ili kikafumwe kwao na kuuzwa. Aliporudi nyumbani alirudi na kikapu. Chumvi haikutajwa.

Machi ikafika, Korongo akaruka kaskazini. Mwaka ule masika yalichelewa. Kijito kikawa uzi wa maji kati ya mawe, kwa maana msitu uliokuwa ukiyashika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo ulikuwa umerudi nyuma hatua nyingi. Wanyama walikuwa na chumvi. Hawakuwa na viazi vikuu, kwa kuwa vilioza. Hawakuwa na kuni za karibu, wala ghala lenye mlango. Wanaume wakaanza kushuka hadi upande wa msitu wa Ngaya kutafuta ukuni, safari ya kutwa, na huko tembo hawakuwapokea kwa wema.

Mke wa Ngiri ndiye aliyekuja wa kwanza chini ya jabali, jioni, amejifunika uso. "Nyanya," akasema, "nimekuja kuomba kaa la moto."

Nyanya Pimbi alifukua majivu, akatoa makaa mawili akayatia katika kigae. Kisha akamwambia aketi. Hakumsimanga kwa neno hata moja. Alimwonyesha kikapu na namna ya kukitandika, akamwambia maharagwe yalowekwe tangu magharibi na chungu kisikae wazi. Akampa kibuyu kimoja kati ya vile vilivyoshonwa. Na mwishoni akamtolea miche, mringaringa na ile miti migumu ambayo Wameru huiita muuru, akamwagiza aipande juu ya chemchemi na vichwa vya viazi vikuu aviweke kando yake, ili siku mti utakapopata nguvu kiazi kiwe na pa kupanda.

Mke wa Ngiri akayapokea yote, kisha uso wake ukasawijika. "Lakini nikifanya hivi, Nyanya, Novemba Kunguru atakuja akute nachoma mzigo mmoja. Ataniandika sufuri kama wewe."

"Ndiyo," akasema Nyanya Pimbi. "Ataandika hivyo."

Yule mama alikaa muda mrefu na kigae mapajani, na makaa yakifunikwa na majivu yake yenyewe. Kisha akaondoka nacho. Juma lile walikuja wengine, Kanga, na Fungo, na yule mama wa nyumba ya Swara, na binti mwenye subira haba ndiye aliyewafundisha kutandika kikapu, kwa sababu nyanya yake alikuwa amechoka kurudia. Alifundisha vizuri, kwa sauti kubwa, na hakumruhusu yeyote aondoke bila miche.

Novemba Korongo akarudi, baraza likaketi chini ya mgumo. Kunguru akafungua daftari jipya. Kabla hajasoma, mke wa Ngiri akasimama, jambo ambalo hakupata kulifanya barazani, akasema, "Tunaomba mhesabu kitu kingine. Njooni mhesabu miti iliyosimama. Njooni mpime maji ya kijito mwezi wa Machi. Fungueni ghala mhesabu debe. Aliye na haya mengi ndiye apewe chumvi, kwa kuwa chumvi yenu mnailipia hewa safi, na hewa hiyo anaitunza yeye."

Kunguru akapekua kurasa, mbele na nyuma. "Hakuna ukurasa wa namna hiyo."

"Uandike."

Macho yote yakamwelekea Korongo, naye, kwa kuwa alikuwa mjumbe tu na uongo haukuwa kazi yake, akasema kweli yote. "Walionituma hawanunui mti uliosimama kwa utulivu tangu zamani. Huo watasema ungesimama hata bila ya chumvi yao. Wananunua ule uliokuwa karibu kukatwa."

Hapo Mheshimiwa Nyani akainuka kutoka kiti cha mbele, akalitikisa shoka lake juu ili lionekane hadi nyuma, akatangaza kwamba ikiwa ni hivyo, yeye yuko tayari kuuweka msitu wote uliobaki karibu kukatwa, ifikapo kesho saa mbili asubuhi. Wengine walipiga makofi. Kobe hakupiga, aliinuka mahali pake pa ukubwa, akaanza kuondoka kwa mwendo wake, na kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole, watu walipata nafasi ya kufikiri wakati akipita katikati yao. Mke wa Ngiri akamfuata. Kanga akamfuata na vifaranga. Walipofika njiani walikuwa zaidi ya nusu ya baraza, wakaelekea chemchemini, kwa kuwa ilikuwa saa ya kupalilia miche kabla ya mvua ya alasiri, na wanne kati yao wakaambiwa walale huko zamu kwa zamu kwa ajili ya lile shoka.

Nyanya Pimbi hakwenda nao moja kwa moja. Alipita sokoni Maua, ukingoni, alikokaa mfinyanzi mzee aliyekuwa akimfinyangia Kunguru majiko yale kwa ujira mdogo, akamtua mbele debe la maharagwe yenye majivu. Mfinyanzi akayachota, akayapuliza, akalitafuna moja. Halikuwa na tundu. Akachukua debe akatoa jiko. Wajukuu wakalibeba kwa zamu, wakilipumzisha kila kona, na mlango wa soko walipokuwa bado hawajauvuka, Nyanya Pimbi akarudi nyuma peke yake.

"Udongo huu ukipasuka," akamuuliza, "nizibe na nini?"

"Njoo," akasema mfinyanzi, akachukua jembe, akampeleka nyuma ya kibanda kumwonyesha kichuguu.